Mstari Mwekundu wa Kwa Baba

Nikipita sokoni Mwakiro mpaka leo kuna akina mama wanaoninyooshea kidole kwa chini, mmoja anamnong'oneza mwenzake kwamba ndiye yule, na mimi najifanya nachagua chumvi. Sikuiba kitu, sikumpiga mtu, wala sikufumaniwa na mume wa mtu (ingekuwa hivyo nadhani wangeshasahau). Aibu yangu niliifanya nikiwa nimekaa kwenye kiti, Gitega, mbele ya kompyuta, andazi mkononi, na ilichukua muda mfupi kuliko kulimaliza hilo andazi. Lakini ilifika Muyinga kabla yangu, ikaingia kwenye migomba ya mtu, ikapandishwa ukutani mbele ya kilima kizima (kwetu kilima ndicho kijiji), na nusura imrudishe baba yangu kule tulikotoka. Nawaelezea nyinyi kwa sababu nusu yake mmeshaisikia, na mmeisikia vibaya.

Mimi nimezaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, upande wa Kigoma, ndiyo maana Kiswahili changu watu wa hapa wanakicheka wakisema naongea kama redio. Tuliporudi, wakati amani imeshakuja na malori yanatuteremsha na mabati na maharage ya kuanzia, baba alikwenda moja kwa moja Mwakiro, mkoani Muyinga, kwenye shamba la babu, akakuta limelimwa. Aliyelima alikuwa Mzee Nestori. Hakuliiba. Sisi tulipokimbia palibaki pori, yeye akaambiwa na viongozi wa wakati ule alime, akalima, akajenga, akaoza mabinti zake pale. Sasa ana migomba mikubwa na nyumba ya mabati, halafu anatokea mtu na mke na watoto na godoro kichwani anasema hapa ni kwetu. Hebu jiwekeni mahali pa kila mmoja wao.

Msimu ule wa kwanza sitausahau. Baba alikuwa analala na viatu. Tulikuwa tunasikia ya vilima vingine, mtu ameamka nyumba inawaka, mtu amekutwa bondeni, na yote kwa ajili ya kipande cha ardhi ambacho mbuzi angekimaliza asubuhi moja. Mwishowe wazee waliwakalisha baba na Mzee Nestori, wakagawana, huyu juu na yule chini mpaka kwenye kijito, wakapanda minyaa katikati iwe mpaka, wakanywa pombe ya mtama kwa mirija kwenye chungu kimoja. Toka siku hiyo baba akaanza kuvua viatu. Nawaambia haya mapema ili mjue nilichokuwa nachezea.

Basi. Nikasoma, nikawa mchoraji wa ramani za ujenzi, nikapata kazi kwenye ofisi moja ya mainjinia pale Gitega, nikapanga chumba, nikanunua viatu vya kisigino. Na kazi yangu kubwa ya kwanza ikawa, amini usiamini, Mwakiro. Kilima chetu hasa. Kingejengwa kituo cha afya, kuwe na barabara ya kufikia, mabomba ya maji na nguzo za umeme. Mchoro mkuu nikapewa mimi. Niliringa, sitaficha. Nilikuwa nikikutana na watu kwenye basi la Giheta nawaambia kazi yangu kabla hawajauliza.

Sasa, kwa wasiojua kazi hii. Mchoro kwenye kompyuta hauko kama mchoro wa karatasi. Umepangwa kwa matabaka (ofisini tunaita calques), kama nailoni nyingi safi zilizolazwa moja juu ya nyingine: tabaka hili lina kuta, lile lina mabomba, lile lina nyumba za watu zilizopo, lile lina mipaka. Ukitaka kuona mabomba peke yake unazima mengine, yanapotea machoni. Sikilizeni vizuri hapo: machoni. Tabaka lililozimwa halijafutwa. Limo ndani, limenyamaza.

Siku moja nilikwenda kumsalimu baba, tukawa tumekaa nje tunamenya maharage, akaniuliza kwa sauti ya mtu asiyetaka kuonekana anaomba, "Mwanangu, hiyo mashine yako, inaweza kuonyesha shamba la babu yako lilivyokuwa zamani?"

Nikamwambia inaweza, anieleze tu. Akanieleza: linaanzia kwenye jiwe kubwa barabarani, linashuka na mparachichi ambao siku hizi haupo, linazunguka mpaka kijitoni, linapanda kupitia hapo (akaonyesha kwa kidevu migomba ya Mzee Nestori, hata kidole hakunyoosha). Niliporudi Gitega nikafungua mchoro wa mradi, maana ndio uliokuwa na kilima kizima kilichopimwa vizuri, nikaongeza tabaka jipya, nikachora ule mpaka wa zamani kwa mstari mwekundu ili macho yake yauone kwenye simu, na katikati nikaandika kwa herufi kubwa KWA BABA. Nikapiga picha. Nilipompelekea aliitazama muda mrefu, akasema, "Ni penyewe," akanirudishia simu akaenda kuwapa mbuzi majani. Hakuniuliza tena.

Nami ningelifuta tabaka lile. Nilipeleka mkono kulifuta. Lakini nikakumbuka alivyoishika ile simu kwa mikono miwili, nikashindwa, nikalizima tu. Likanyamaza.

Ukafika wakati wa kukabidhi mchoro kwa timu nyingine. Timu ya maji ilikuwa inausubiri, ya umeme inausubiri, na timu ya kupima na kuweka vigingi ilikuwa Muyinga, chini ya Hassani, kijana wa mjini pale, familia yao ni ya Kiislamu, watu wa biashara na ushonaji, yeye akaona afadhali darubini ya kupimia kuliko cherehani. Bosi wetu, Chef Libère, akafungua faili langu mbele yangu, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefungua jokofu la jirani. Matabaka yalikuwa mengi kama wadudu na majina yake niliyapa kadiri nilivyoamka: "mstari", "mstari mpya", "jaribu", "jaribu hili", "usifute".

"Consolata," akasema, "c'est quoi ça, hiki ni nini? Mtu wa maji atapotea humu. Mtu wa umeme atapotea. Panga. Kila calque ipate jina la maana, kila timu ijue yake ni ipi. Hassani anakuja kuchukua."

Nikapanga, na nilipanga vizuri kweli, nikayawasha yote ili nisiache kitu, nikaanza kuyafungua moja moja, kutazama, kutaja jina, kuhamisha. Ningeendelea hivyo hivyo tungekuwa leo tunazungumza habari nyingine. Umeme ukakatika. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa ya kizee, ikaanza kulia. Na Hassani amesimama mlangoni anatikisa funguo.

"Dada Conso, gari iko inawaka kule chini. Mi naenda, ama nisubiri? Muyinga ni mbali."

Hapo ndipo nilipofanya uamuzi wangu mdogo. Nikajiambia, mipaka ya eneo la mradi nimeichora yote kwa rangi nyekundu, kwa nini nihangaike na moja moja, nichague kila kitu chekundu kwa mkupuo niweke kwenye tabaka la "Mpaka wa mradi". Nikachagua kwa rangi. Nikahamisha. Kwenye kioo kidogo kile, kilima kizima kimeshonana kama nyuzi, yale maneno mawili hata yangekuwa yananiita kwa jina nisingeyaona. Nikahifadhi, nikanakili kwenye flash, nikampa Hassani, nikawatumia watu wa maji na wa umeme vilevile, kompyuta ikazimika. Nikamalizia andazi langu nikijisifu kwa wepesi.

Siku zilizofuata zilikuwa tamu. Chef alinisifu mbele ya wenzangu kwamba faili limekuwa safi. Hassani akatuma habari kwamba vigingi vimeanza kuwekwa. Komini, yaani serikali ya eneo lile, ikaitisha mkutano wa wananchi ili waonyeshwe mradi, Chef akasema tutakwenda wote, na mimi nitaeleza mchoro kwa sababu ni mtoto wa kule.

Asubuhi ya mkutano, gari linajazwa mafuta, Hassani akanipigia.

"Dada, swali kidogo tu. Ule mzee mwenye migomba, nyumba ya mabati chini ya barabara, anauliza atahamishwa lini. Mi nimemwambia sijui, ngoja watu wa Gitega."

Nikamwambia hakuna anayehamishwa, kituo kiko juu kabisa, mbali na migomba.

"Aa, lakini vigingi viko ndani kwake. Vimezunguka mpaka kijitoni. Mi nilifuata plan yenye ulinipa."

Mpaka kijitoni. Nikakimbia ndani na viatu vyangu vya kisigino, nikafungua faili, nikakuza mchoro pale chini ya barabara, na yale maneno mawili yalikuwa pale, mekundu, wazi, hayana hata aibu, KWA BABA, na mstari unaozunguka nyumba ya Mzee Nestori na migomba yake yote kama kamba kwenye shingo ya mbuzi. Mpaka wa mradi. Yaani serikali inachukua hapa. Na kwa aliyejua kusoma, serikali inachukua hapa inampa baba.

Nikampigia baba. Simu imezimwa. Nikarudia. Imezimwa. Baba hazimi simu, huwa anaiacha imewaka hata kanisani mpaka mchungaji amekwisha kukata tamaa. Nikampigia Hassani, mtandao hakuna. Chef anapiga honi.

Ningemwambia Chef palepale, ndiyo, najua. Nilianza. Tukiwa tumeshaiacha Gitega nikasema, "Chef, kuna kitu kwenye mchoro," naye anaongea na simu akanionyesha mkono, tutaona huko, tutaona. Tukapita Karuzi, vilima vinapanda vinashuka, na mimi siti ya nyuma nimeshika mkanda. Nilikuwa siwazi tena kuhusu kazi. Nilikuwa nawaza kwamba vigingi vimekaa pale siku kadhaa, na watu wamevipita wakienda maji na wakirudi, na kila aliyepita ameongea. Nilikuwa namwona baba amevaa tena viatu.

Mkutano ulikuwa uwanjani pa shule ya msingi. Mchoro wangu Hassani alikuwa ameuchapisha kwa karatasi kubwa, akaubandika ukutani nje ya darasa, kila mtu aone. Kwenye kioo cha kompyuta yale maneno yalikuwa kama sisimizi. Ukutani yalikuwa na ukubwa wa mkono.

Lakini si hayo niliyoyaona kwanza. Niliona watu walivyokaa. Upande mmoja wamekaa tuliorudi, karibu na ua wa shule, na baba yumo, koti lake la kanisani, ameweka fimbo kati ya magoti. Upande mwingine wamekaa waliobaki, na Mzee Nestori mbele yao, mikono imekunjwa. Katikati nyasi tupu. Hakuna aliyewaambia wakae hivyo. Miaka mingapi tulikuwa tumekaa mchanganyiko, harusini, misibani, foleni ya mashine ya kusaga, na sasa nyasi zile zimerudi kama hazijawahi kukanyagwa.

Baba aliniona nikishuka garini. Hakuinua mkono.

Mwenyekiti wa komini akafungua mkutano, akasema mazuri ya maendeleo, kisha akauliza (walikuwa wanaongea Kirundi, nawaelezea kwa Kiswahili), "Aliyechora ni nani, atueleze?"

Na Chef Libère, Mungu amsamehe, hajui lolote, akaniweka mkono begani akasema kwa fahari, "Ni huyu. Mtoto wa hapa hapa."

Manung'uniko yakapita upande ule wa pili, ya chini, kama gari zito linalopita mbali. Mama mmoja akasimama, mtu mzima, kitenge kimefungwa kifuani. Hakupaza sauti.

"Huyo baba aliyeandikwa pale," akauliza, "ni baba wa nani?"

Nilikuwa na maneno mengi niliyoyapanga njiani. Nikasema, "Ni wangu."

Hassani akaninong'oneza nyuma, ameanza kuelewa, jasho linamtoka, "Dada, mi nilizani iko jina ya chantier." Alidhani ni jina la mahali pa kazi. Chef akaniangalia, akaangalia ukuta, akaniangalia tena, na kwa mara ya kwanza toka nimjue hakuwa na Kifaransa cha kusema.

Nikaanza kueleza. Nikasema ni kosa, si la mradi, ni langu, nilimchorea baba picha ya kumbukumbu, haikupaswa kutoka. Nikaweka kompyuta juu ya dawati lililotolewa darasani, nikawaita wasogee, nikawaonyesha: haya ni mabomba, nazima, yamepotea. Hizi ni nguzo, nazima. Na huu ndio ule mstari, tazameni, ninautenga peke yake, nauzima. Umekwenda. Hakuna. Nilikuwa nachekacheka ile cheko ya mtu anayeogopa.

Yule mama alikuwa amesogea mpaka karibu yangu. Akasema, "Kwa hiyo unaweza kuuzima."

"Ndiyo, mama."

"Na kuuwasha?"

"Ndiyo," nikasema.

"Basi umetuonyesha nini?"

Hapo ndipo uwanja ulipobadilika. Mwanamume mmoja nyuma akasema walituambia wamerudi kuishi na sisi, kumbe wanapima. Mwingine upande wetu akamjibu kwamba hata hivyo pale ni kwao, kila mtu anajua. Nikamwona mtu akiinuka na fimbo, na mwingine naye akainuka. Mwenyekiti wa komini anapiga makofi watu watulie, hakuna anayemsikiliza. Nilitamani ardhi (hiyo hiyo inayogombewa) inimeze nikiwa na kompyuta yangu.

Baba akasimama. Nilitaka kumwambia akae, kaa baba, usiseme kitu, lakini alikuwa ameshaanza. Akasema, "Mtoto hana kosa. Mimi nilimwomba. Nilitaka kuona lilivyokuwa."

Akakaa. Sikumbuki niliogopa zaidi lini katika maisha yangu. Maana alikuwa amekubali. Mbele ya wote, kwa kinywa chake, amekubali kwamba bado analifikiria.

Mzee Nestori akainuka taratibu. Watu wakampisha. Akavuka zile nyasi za katikati, akapita mbele yangu bila kunitazama, akafika ukutani. Haoni vizuri, akasogeza uso mpaka pua inakaribia karatasi, akaweka kidole kwenye mstari mwekundu, akaufuata. Alianzia kwenye lile jiwe la barabarani. Kidole kikashuka, kikasimama.

"Hapa palikuwa na mparachichi," akasema. "Niliukata mimi."

Kikaendelea mpaka kijitoni, kikapanda kupitia migomba yake, kikapita juu ya nyumba yake mwenyewe, kikarudi kwenye jiwe. Akageuka.

"Mstari ni wa kweli," akasema.

Nilidhani ndio mwisho wetu.

Kisha Mzee Nestori akamtazama baba. "Zakaria. Tuligawana au hatukugawana?"

"Tuligawana," baba akasema.

"Siku ile ulidanganya?"

"Sikudanganya."

"Basi mwambie binti yako aje ang'oe miti yake kwenye ndizi zangu."

Ndivyo ilivyokuwa. Mkutano ukaahirishwa, Chef akaamuru vigingi viondolewe, Hassani akajitolea na watu wake, lakini Mzee Nestori akasema hapana, aliyeviweka ni huyu, aving'oe huyu. Nikashuka na sketi yangu ya ofisini na vile viatu, visigino vinazama kwenye udongo wa mvua, mpaka nikavivua nikabaki peku. Kilima kizima kimesimama barabarani kinatazama. Watu wa Hassani walikuwa wamevigongea kwa nguvu (ndiyo sifa yao), kila kigingi nakitikisa kama jino, nakivuta, naanguka makalio chini, nainuka. Kuna walioanza kucheka. Niwaambie ukweli, nilishukuru walipocheka. Mzee Nestori alinifuata nyuma kigingi kwa kigingi, akifika kwenye shimo analifukia kwa mguu.

Tukafika uani kwake. Na hapo kicheko cha watu wa barabarani kikawa hakinifikii tena, kwa sababu uani palikuwa na godoro limekunjwa na kufungwa kamba. Masufuria yamepangwa moja ndani ya jingine. Picha ya harusi ya binti yao imefunikwa kwa kanga. Kuku wamefungwa miguu. Mkewe alikuwa amekaa juu ya gunia la maharage, mgongo umenyooka, kama mtu anayesubiri gari. Walikuwa wamefungasha. Walijua wataondolewa, wakafungasha mapema wasije wakaondolewa kwa nguvu. Mimi nimelelewa na watu waliowahi kukaa hivyo juu ya gunia. Mama yangu alikuwa akinielezea jinsi walivyokaa.

Nikaacha kigingi nikaenda kushika godoro nilirudishe ndani. Mke wa Mzee Nestori akaweka mkono juu yake.

"Liache," akasema. "Nitalirudisha mwenyewe nikiwa tayari."

Nikamwambia, "Mama, nisamehe."

Akaniangalia miguu yangu yenye matope. "Nenda ukanawe," akasema.

Njia ya kurudi tukapita Karuzi. Chef akasema, kama anaongea na kioo cha gari, "Maneno mawili, Consolata. Maneno mawili." Sikufukuzwa. Labda ingekuwa nafuu, kwa sababu adhabu niliyopewa ni kwenda mwenyewe kwa kila timu iliyopokea lile faili, kulifuta mbele yao na kuwapa jipya, na nyinyi mnawajua watu, kila ofisi walitaka kwanza kuelezwa kwa nini. Watu wa maji walicheka mpaka wakatoa machozi. Wa umeme walimwita mhasibu wao aje asikie toka mwanzo. Mchoro mpya niliupanga tabaka kwa tabaka, nikifungua kila moja, nikisoma kila neno, mpaka macho yakavimba. Kituo kimejengwa, maji yametoka, na Mzee Nestori na baba wanachota kwenye bomba moja.

Nilipokwenda kumwona baba baadaye nilijua atanigombeza, nikawa nimejiandaa. Hakunigombeza. Aliuliza tu, "Umefuta?"

"Nimefuta, baba."

"Kila mahali?"

"Kila mahali. Hata kwenye simu."

"Vizuri," akasema, akageukia upande wa minyaa, akakaa anaitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. Mpaka leo sijui kama kweli ilikuwa vizuri. Siku ile, kabla hatujalala, nilichungulia mlangoni kwake kutazama viatu. Vilikuwa vimevuliwa. Nikaweza kulala.

Tangu hapo nimeapa, na kiapo changu wenzangu wa ofisini wanakijua na kunitania nacho: jambo la nyumbani kwetu haliingii kwenye mchoro wa kazi, hata nukta, hata kama ni baba ndiye anayeomba, na hakuna faili linalotoka mikononi mwangu kwenda kwa timu nyingine kabla sijafungua kila tabaka na kulisoma, umeme uwepo usiwepo, gari liwake lizime. Kuchagua kwa rangi sichagui tena. Hata nyanya sokoni nazigeuza kwanza.

Na Mwakiro naenda, lazima niende, wazazi wako kule. Mzee Nestori akiwa kwenye migomba yake ananiona nikishuka barabarani, ananyoosha mgongo, ananisubiri nifike, ananipa mkono vizuri kabisa, ananiuliza habari za Gitega. Halafu anauliza, kila mara, kwa sauti ileile ya chini, "Umekuja kupima?"

Baba hucheka. Mkewe Mzee Nestori naye siku hizi hucheka kidogo. Mimi namwangalia usoni kila mara, nitafute kama ni utani, na kila mara nashindwa kujua.